Somo: blanketi la mtoto la viraka vya khanga, la kushona kwa mkono kidogo kidogo

Haya jamani niliahidi somo na leo nimepata nafasi, mvua imenifungia ndani hapa Chikongola, Mtwara, watoto wamelala, ngoja niandike kabla hawajaamka.

Niseme mapema kabisa, hili ni somo la mkono, sindano na uzi. Cherehani yangu niliiuza Machi 2024, mama alikuwa amelazwa na hela zimeisha, nikabaki na sanduku la vipande vya wateja na mimba za watu watatu kwenye ukoo zinanisubiri niende na zawadi. Ukienda kumwona mzazi mikono mitupu huku kwetu hakuna atakayekusema mbele yako, ila watasema. Nikaanza kushona wodini, kwenye benchi, kipande kwa kipande, mpaka mwaka unaisha nilikuwa nimetoa mablanketi matano. Kwa hiyo vipimo vyote nimevipanga kwa mtu mwenye muda wa kuokoteza. Kama una cherehani na siku nzima, wewe utamaliza kesho, wala usinicheke.

Vitu: khanga au vitenge vya zamani vinne vitano, khanga moja nzima ya kuweka chini, shuka kuukuu la pamba la kuweka katikati, uzi wa pamba, sindano mbili (moja lazima ipotee), mkasi unaokata kweli, futi ya kushonea, na kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea. Chaki inafutika ukiwa bado hujakata, sabuni inakaa na ukifua inatoka yenyewe.

Kuhusu hiyo shuka ya katikati. Zamani nilikuwa naagiza dakroni, ile pamba ya plastiki ya kujazia, Kariakoo. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zile barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, mzigo wangu ukakaa huko sijui wapi, na mtoto wa kwanza hakusubiri barabara akazaliwa. Nikaweka shuka. Kumbe ndo bora, dakroni kwa joto la Mtwara ni kumpika mtoto, na shuka inakauka haraka hata masika. Sijarudi tena kwenye dakroni.

1. Fua kwanza. Hata kama khanga ni mpya, tena hasa kama ni mpya, maana kitenge na khanga mpya vinarudi na vinatoa rangi. Nyekundu na nyeusi ndo wakorofi. Watu wanasema loweka na chumvi itashika rangi, mimi nimejaribu sana sijaona maajabu, kinachosaidia ni kufua mara tatu nne mpaka maji yawe meupe. Halafu lowesha kona, ibonyeze kwenye kitambaa cheupe, kikitoka safi endelea, kikitoka na wekundu rudi kwenye beseni.

2. Ipige jua. Shika khanga kuukuu juu uangalie kwa mwanga, weka mkono nyuma yake. Pale unapoona vidole vyako vizuri usikate, pamekwisha hapo, hasa sehemu ya makalioni na pale tunapofungia fundo. Pindo mara nyingi ndo linakuwa bado zima kuliko mji, yani ile sehemu ya katikati ya khanga.

3. Kata. Chukua boksi gumu, kata mraba wa inchi 7 kwa 7, hicho ndo kipimo chako cha maisha. Chora kwa sabuni, kata ukifuata uzi wa kitambaa usiende mshazari maana kitavutika na blanketi litakuwa na tumbo. Unahitaji vipande 36. Kila upande mshono unakula nusu inchi kwa hiyo kipande kinabaki inchi 6, sita mara sita ni inchi 36, ongeza nusu inchi ya ukingo wa nje kila upande ambayo haijaliwa na mshono, unapata inchi 37. Mimi la kwanza nilikata inchi 6 nikasahau kabisa kwamba mshono unakula, likatoka inchi 31, nikasema ni la mtoto mchanga sana, mtoto mwenyewe kazaliwa kilo nne.

Hapa angalia jina la khanga. Nilikata khanga ya "Hasidi hana sababu" bila kuangalia, neno HASIDI likakaa katikati ya blanketi, herufi kubwa, na mimi nalipeleka kwa mzazi nimefurahi na sabuni zangu na unga wa uji. Mama mkwe wake alilikunjua akalitazama muda mrefu sana, akalikunja, akasema asante. Nimeenda kutoa hongera nimeonekana nimeenda kupiga kijembe. Majina mazuri tumia, yanapendeza ukiyaweka ukingoni, lakini yasome.

4. Panga kwenye mkeka. Mistari sita, kila mstari vipande sita, cheza na rangi mpaka uridhike, piga picha na simu. Halafu kila mstari uufunge peke yake kwa utepe na uweke namba. Hii ndo siri ya kazi nzima, maana sasa unabeba mstari mmoja tu kwenye mkoba, sio nyumba nzima. Mstari mmoja una mishono mitano tu. Usiku ambao mama hakulala vizuri nilishona mshono mmoja, usiku mwingine miwili, kuna wiki nzima sikushika sindano na hakuna kilichoharibika, nilikuta mstari wa nne uko kwenye mkoba palepale na sindano imechomekwa.

5. Kushona. Uzi usizidi dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole, mrefu zaidi unajisokota. Weka vipande viwili uso kwa uso, mshono mdogo mdogo wa kwenda mbele, kila mishono mitano rudi nyuma mmoja. Huo wa kurudi ndo unashika, mtoto akivuta kitambaa hakifumuki chote. Mwisho rudia mara tatu palepale kabla ya kukata uzi. Ukimaliza mstari, mshono ulalie upande mmoja, piga pasi. Kama ya mkaa angalia majivu. Kama huna, kunja vizuri weka chini ya godoro ulale juu yake, asubuhi imenyooka. Kisha unganisha mstari na mstari, viungo vikutane, na visipokutana sawasawa wala usifumue, mtoto hajui.

6. Tabaka tatu. Khanga ya chini kata inchi 40 kwa 40. Khanga ina upana kama inchi 43 kwa hiyo inatosha na kipande kinachobaki usitupe, ntakisema. Itandike uso chini, weka shuka inchi 37 katikati, juu viraka uso juu. Piga bandi, ile mishono ya muda ya kushikilia tu, kubwa kubwa kutoka katikati kwenda nje, usianzie pembeni hewa itajaa katikati. Halafu darizi, unapitisha mshono kwenye tabaka zote tatu ukifuata njia za viraka. Pakibaki sehemu pana kuliko kiraka kimoja bila mshono, shuka ya ndani itakuja kujikunja ukifua. Mkiishamaliza toeni bandi.

7. Pindo. Ile inchi moja na nusu iliyozidi kila upande, kunja ncha ikutane na ukingo wa viraka, kunja tena ije juu, shona. Imeisha. Hakuna utepe wa kununua.

Kipande kilichobaki: bibu mbili, au kofia, au mpira wa kitambaa. Mpira ndani jaza mabaki ya vitambaa. Usiweke vifungo wala shanga kwenye kitu chochote cha mtoto mchanga, kila kitu kinaishia mdomoni.

MASWALI

Mdau wa Nachingwea: Dada asante kwa somo. Mimi nina khanga nyingi za shambani bado ngumu kabisa, naweza kutumia?

Jibu: Inategemea ilikuwa ya kazi gani mpendwa. Ya kubebea kuni sawa, fua. Ile uliyojifunga puani wakati wa kupuliza salfa na dawa za mikorosho hapana, hata ufue mara kumi, mtoto ataila hiyo.

Mdau wa Masasi: Kwa nini usiweke sufi ndani? Huku msufi bure kabisa.

Jibu: Kwa mto wa mtu mzima sawa. Kwenye blanketi la mtoto linalofuliwa kila siku mbili sufi inajikusanya mabonge pembeni, katikati panabaki patupu, na vumbi lake linaingia puani. Nilijaribu mara moja nikafumua lote.

Kaka wa Lindi mjini: Mke wangu anajifungua mwezi ujao, mimi mwanaume naweza hii kazi kweli?

Jibu: Mafundi cherehani wote wa mtaani kwenu ni kina nani kaka yangu? Anza leo, mstari mmoja kwa siku mbili utawahi.

Mama wa pacha, Newala: Shangazi, watoto walale nalo usiku kucha au vipi? Huku juu kuna baridi sio kama huko pwani.

Jibu: Hapana mwanangu. Wataalamu wa watoto wanasema mtoto wa chini ya mwaka asilale na blanketi lililoachiwa, linaweza kumfunika uso na hana nguvu ya kulitoa. Baridi ya Newala mvalishe nguo nzito. Blanketi ni la kumtandikia kwenye mkeka uko macho unamwona, na kumfunika miguu akiwa mgongoni.

Mdau wa Mikindani: Unauza shilingi ngapi?

Jibu: 35,000. Wanasema ghali, nawaambia hesabu mishono. Mwenye kunipa khanga zake mwenyewe nampunguzia.

Mdau wa Ruangwa: Pole kwa mama. Samahani kuuliza, khanga za marehemu zinafaa kwa mtoto au ni mkosi?

Jibu: Asante, samahani ya nini. Mama alifariki Agosti, baada ya arobaini khanga zake tukagawana wanawake wa nyumbani kama kawaida, mimi nikapata doti mbili. Mdogo wangu akajifungua Desemba, mtoto wa kike, akampa jina la mama. Nikamshonea, na kuna kipande kimoja kina doa la bibo, tunda la mkorosho, mnajua doa la bibo halitoki, mama alilipata msimu mmoja tunakamua uraka, pombe ya mabibo. Nilikuwa nimekiweka pembeni nisikitumie, mwishowe nikakirudisha, mstari wa tatu. Sikumwambia mdogo wangu. Alilitandika, akaweka kidole palepale kwenye doa, akasema hili nalijua.

Kwa hiyo mkosi mimi sijauona. Ila khanga za mtu mzima zimefuliwa miaka, zimelainika, kabla ya kukata pigia bandi kitambaa chepesi kwa nyuma, bila hivyo uzi wenyewe ndo unaichana.