SOMO: Jinsi ya kupima uimara wa barabara ya zege lenye nondo

Wadau, ukitaja kupima zege wengi wanawaza kuvunja kyubu (sampuli za zege za umbo la mchemraba) tu basi. Kyubu inakupa nguvu, haikwambii kama barabara itadumu. Kinachoua barabara hizi ni maji na chumvi kuifikia nondo, nondo ikila kutu inavimba na zege linapasuka kutokea ndani.

1. Tembea slabu yote kwa miguu, na mvua ikishakatika ndo vizuri zaidi maana uso ukianza kukauka nyufa zinabaki na unyevu, unaziona hata zile nyembamba kabisa. Andika nyufa, jointi zilizomeguka na madoa ya kutu.

2. Buruta mnyororo mzito juu yake. Zege zima linatoa mlio mkali, palipoachana ndani panalia kama debe tupu. Zungushia chaki.

3. Pima kava, yaani unene wa zege lililofunika nondo, kwa kile kifaa cha kutafutia nondo.

4. Hii msiiruke jamani. Meng'enyua kipande kwa patasi mpaka karibu na nondo, toa vumbi, pulizia fenoftalini (dawa inayogeuka pinki ikikuta alkali) hapo hapo. Pakigeuka pinki alkali bado ipo, nondo inalindwa. Pasipobadilika hewa ukaa imeshaingia. Chukua rula upime kutoka juu mpaka pinki inapoanzia, kama kava ni 40mm na pinki inaanzia 35mm basi umebakiwa na 5mm tu.

5. Unganisha waya kwenye nondo, upime volti kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba. Ikivuka -350mV kwenda chini uwezekano wa kutu ni zaidi ya 90%, kati ya -200 na -350 huwezi kusema kitu.

MASWALI

– Mkuu, nyundo ya Schmidt si inatosha?
Haitoshi. Inapima ugumu wa uso, na zege lililoingiwa na hewa ukaa uso wake unakuwa mgumu zaidi, utasoma namba nzuri kumbe kinga imeisha.

– Naweza kupulizia kwenye tundu la drili?
Hapana, unga wa ndani unapaka kuta za tundu, utaona pinki pasipo na pinki.

– Kwangu pinki ipo vizuri ila volti inasoma -400, inakuaje?
Hapo shuku kloridi, chumvi inaitoboa nondo hata alkali ikiwepo. Toboa kwa drili, unga wa kila kina uweke mfuko wake, peleka maabara. Ila kama slabu ilikuwa imelowa chapachapa rudia kwanza, zege lililojaa maji linakosa oksijeni na linaweza kusoma chini hivyo bila kutu.