Somo: Kumuonesha mtu kripto (hela ya kidijitali) mara ya kwanza (soma lote kabla hujauliza)

Wiki hii nimeulizwa kitu kimoja mara tano. Mmoja alinishika barazani Chake mpaka kahawa ikapoa. Naandika mara moja, kisha mnisitiri.

1. Shusha pochi (programu ya kutunzia kripto) kutoka duka rasmi la programu za simu.

2. Pochi itakupa maneno 12 ya siri, ndiyo ufunguo wa hela yako. Yaandike kwa kalamu. Usipige picha. Asiyaone mtu, hata mie.

3. Mwambie mapema kuwa mtandao wa kripto una kikomo. Bitcoin hufunga bloki moja (fungu la miamala) kwa wastani wa dakika 10, na kwa sekunde hupitisha miamala saba hivi tu. Ni boti ya Mkoani kuamkia Idi, ila hapa mwenye nauli kubwa ndiye apandaye mwanzo. Ukiweka ada ndogo utalala gatini.

4. Chagua mtandao. Hapa ndipo nilipoungua. Nilimtumia shemeji USDT (kripto inayofuata thamani ya dola) za dola 40 kwenye akaunti yake ya soko la kripto. USDT jina moja, lakini ipo Ethereum, ipo Tron, ipo BNB Chain. Nikaona BNB ada senti chache, nikabonyeza. Akaunti yake ilipokea ya Ethereum tu. Anwani za mitandao hiyo miwili zafanana, zote zaanza na 0x, basi simu haikunigombeza. Kwangu "imekamilika", kwake sifuri. Hela naiona mtandaoni mpaka leo, ila ufunguo wanao wenye soko, na wamenijibu hawarudishi. Hakuna wakala wa kumpigia akufutie muamala.
Basi muulize mpokeaji mtandao, si anwani peke yake. Tuma dola moja kwanza. Na Tron (anwani yaanza na T) weka TRX (sarafu ya Tron yenyewe) kidogo, maana USDT peke yake haikulipii ada.

5. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari juu ya kripto Novemba 2019. Mtu asitie ada ya skuli ya mtoto.

MASWALI

— Kaka, nimetuma Bitcoin tangu asubuhi haijafika. Nimeibiwa?
Namba 3.

— Nimesoma, sijaelewa.
Umesoma au umepitia? Ada yako ndogo. Pochi ikiwa na kitufe cha kuongeza ada, bonyeza. Haina, subiri.

— Asalaam aleikum. Mie mwalimu, Wete. Kwani wasikuze bloki tu?
Waaleikum salaam, mwalimu. Watu wa Bitcoin walibishana miaka, 2017 wakagawana: ikazaliwa Bitcoin Cash, bloki MB 8. Bloki ikikua, daftari la miamala yote lataka diski na intaneti kubwa. Mtu wa bando kama sisi hawezi kuliweka nyumbani akalikagua mwenyewe, linabaki kwa wenye mashine. Wengine wakajenga Lightning: wawili wanalipana pembeni hata mara mia, kwenye daftari huandikwa kufungua na kufunga hesabu tu. Ukitaka tukae tuijaribu kwa satoshi (vipande vidogo vya Bitcoin) chache, nipo.

— Nitumie maneno yako 12 nione mfano.
La.

— Karatasi yangu nimeipeleka stationeri waiwekee plastiki.
Yule kijana kayasoma. Fungua pochi mpya, hamisha leo hii.

— Yangu ililiwa na mchwa. Sasa nimechonga kwa msumari kwenye bati.
Bati gani? Huku pwani chuma chaliwa na kutu.

— Mfuniko wa sufuria kuukuu, alumini. Mke wangu bado anautafuta.