Kuchagua lenzi ngumu za macho katika vumbi la Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa ambaye konea yake, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, imekuwa nyembamba na kuchongoka kama pia, mara nyingi hushauriwa kuvaa lenzi ngumu, kwa sababu lenzi laini hufuata umbo lile lile lililoharibika, ilhali ngumu hubaki na umbo lake na machozi yakajaza mabonde yaliyo chini yake.

Anza kwa kuuliza malighafi. Konea haina mishipa ya damu na hupata oksijeni hasa kutoka hewani, hivyo lenzi za zamani za plastiki ya PMMA, zisizopitisha oksijeni, zikatae hata zikiwa za bei nafuu.

Ukubwa ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi. Lenzi ndogo, yenye kipenyo cha takribani milimita 9 hadi 10, huelea juu ya konea na ni rahisi kuivaa na kuivua. Lakini wakati wa kiangazi, katika vumbi la Usangu au upepo wa Makambako, chembe moja ikipenya chini yake humlazimisha mwendesha bodaboda kusimama kando ya barabara, na inaweza kukwaruza konea. Lenzi kubwa, ya milimita 15 na zaidi, hukaa juu ya weupe wa jicho bila kuigusa konea, kwa hiyo vumbi haliingii kirahisi na jicho kavu hupata nafuu. Kwa dereva au mkulima ningeitanguliza hii, ila kabla ya kulipa ahakikishe atapata wapi, kila mwezi, maji ya chumvi yaliyotakaswa yasiyo na kihifadhi, kwa kuwa hujazwa humo kila inapovaliwa. Maji ya bomba (na mate, ambayo wengine huyatumia bila haya) yanaweza kuleta vijidudu vinavyopofusha.

Zipo pia za kulala nazo, zinazobadilisha umbo la konea kwa muda ili kupunguza tatizo la kutoona mbali. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi, hivyo anayeishi mbali na daktari wa macho, tuseme ndani kabisa ya Makete, asianze nazo.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, vua lenzi na uende hospitali siku hiyo hiyo, ukiibeba pamoja na kikasha chake ili maabara ivipime.