Gari Lililokaa Muda Mrefu Likigoma Kuwaka: Namna ya Kutafuta Chanzo

Gari linalotembea kila siku huchakaa kwa joto na msuguano. Lililoegeshwa kwa wiki au miezi lina maadui wengine: betri inayojimaliza taratibu, petroli inayochacha ndani ya tangi, unyevu unaoshika vyuma, na panya wanaotafuta mahali pakavu pa kulala. Kwa hiyo likigoma kuwaka, orodha ya washukiwa ni tofauti na ile ya gari lililozimika barabarani, na fundi anayeanza kwa kubadilisha plagi au pampu ya mafuta kwa kubahatisha mara nyingi humlipisha mwenye gari kwa vifaa ambavyo havikuwa na kosa. Njia ninayoieleza hapa ni kulisikiliza gari kwanza, kwa kuwa sauti inayotoka ufunguo unapozungushwa huonyesha tatizo liko upande wa umeme, wa mafuta, au ndani ya injini yenyewe.

Kabla ya kugusa ufunguo

Fungua boneti. Angalia juu ya injini, chini ya kifuniko chake cha plastiki, na ndani ya boksi la chujio la hewa. Majani makavu, vipande vya sponji na kinyesi cha panya ni dalili kwamba huenda nyaya nazo zimegugunwa, na waya mmoja mwembamba wa sensa ukikatika unatosha kuinyima injini cheche au mafuta. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa karibu saa nzima nikipiga stata gari lililolala miezi minne, kumbe kiota cha panya kilikuwa kimeziba njia ya hewa. Nilipokuja kukiona, betri ilikuwa imekwisha na stata ilikuwa inanuka kuungua. Tangu siku hiyo boksi la chujio hulifungua kabla ya jambo jingine lolote.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na injini hiyo haifai kuwashwa mpaka chanzo kijulikane. Tazama kiasi cha maji ya rejeta injini ikiwa baridi, kisha inama uone kama kuna kilichodondoka chini ya gari. Harufu kali ya petroli ni sababu ya kuacha kila kitu hadi mvujo upatikane, kwani cheche moja ya stata inaweza kuleta moto. Kama gari limefungiwa gereji, fungua milango yake wazi kabla ya kuwasha, maana moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua.

Sauti ya kwanza

Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usipige stata bado. Katika magari mengi ya petroli yanayotumia nozeli za kielektroniki (zinazopulizia mafuta kwenye injini), utasikia mngurumo mdogo wa sekunde mbili au tatu kutoka upande wa tangi, nayo ndiyo pampu ya mafuta ikijaza shinikizo. Tazama pia taa ya kinga ya wizi, ambayo mara nyingi ina mchoro wa ufunguo au kufuli. Baada ya hapo piga stata mara moja tu, usikilize.

Kimya kabisa, huku taa hazikuwaka au zimefifia, maana yake ni betri au maungio yake. Mlio wa haraka wa tiki-tiki-tiki ni betri dhaifu: ina nguvu ya kuvuta swichi ya stata lakini haina nguvu ya kuizungusha injini, hivyo swichi hiyo inashika na kuachia mfululizo. Mlio mmoja mzito, "tak", ilhali taa zinabaki na mwanga wake, unaelekeza kwenye stata yenyewe au kwenye injini iliyokwama. Injini ikizunguka kwa uzito kama mtu anayepanda mlima, rudi kwenye betri. Na ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kushika, basi iache betri na utafute mafuta, cheche au kinga ya wizi.

Usipige stata kwa zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo mmoja, na uipumzishe kwa dakika nzima kabla ya kurudia. Stata huvuta umeme mwingi mno, na joto lake halina pa kwenda.

Betri

Hapa ndipo safari nyingi huishia. Gari lililozimwa bado linatumia umeme kidogo kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kumbukumbu za kompyuta. Tuseme gari linavuta miliampea 40, kiwango ambacho ni cha kawaida. Kwa siku hiyo ni karibu ampea-saa 1, na kwa mwezi karibu 29. Betri ya ampea-saa 45 ambayo haikuwa imejaa sawasawa siku ya kuegeshwa itakuwa imekwisha kabla mwezi wa pili haujamalizika. Tena betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu kwa muda mrefu, sahani zake hufunikwa na salfeti iliyoganda, na hapo hata ukiichaji usiku kucha haitarejea nguvu yake ya zamani.

Pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kabla ya kuamini macho, kwa sababu betri inayowasha taa vizuri bado inaweza kushindwa kuzungusha stata. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Volti 12.4 bado inaridhisha, 12.0 imekaribia kuwa tupu, na iliyoshuka hadi karibu 10.5 huenda ina chumba kimoja kilichokufa. Kipimo cha pili, ambacho wengi hukiruka, ni kumwomba mtu apige stata huku ukiitazama mita: ikiporomoka chini ya volti 9.6 au hapo karibu, betri haina nguvu hata kama ilisoma vizuri ikiwa imetulia.

Kabla ya kuihukumu betri, shika vichwa vya nyaya zake kwa mkono na ujaribu kuvizungusha. Kisipokaza, au kikiwa na unga mweupe au wa kijani, umeme mwingi wa stata haupiti hapo ingawa ule mdogo wa taa unapita. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga shoti. Osha unga kwa maji ya moto yenye magadi kidogo bila kuyaruhusu yaingie ndani ya betri, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na umalizie na hasi. Fuata pia ule waya mnene wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa sababu kutu hujificha hapo.

Kama betri imeisha tu, chaja ya polepole ni bora kuliko kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa kebo, lakini si kila mtu ana muda wa kusubiri. Ukibusti, hakikisha magari yote mawili yanatumia volti 12 na hayagusani. Funga kebo nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokwisha, mwisho wake wa pili kwenye chanya ya betri nzima, kebo nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake uliobaki kwenye chuma kitupu cha injini iliyogoma, mbali na betri. Sababu ya kukwepa hasi ya betri iliyokwisha ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na muungo wa mwisho ndio unaotoa cheche. Liache gari lenye betri nzima lingurume kwa dakika 5 hadi 10, kisha ujaribu. Likiwaka, ondoa kebo kwa kurudi nyuma katika mpangilio uleule. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja isibustiwe wala kuchajiwa, bali ibadilishwe.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono pekee, ukitumia gia ya pili. Na hata hapo, betri ikiwa tupu kabisa, kompyuta na pampu ya mafuta hazitapata umeme, kwa hiyo mtasukuma hadi mchoke bila kupata kitu.

Betri ni nzima lakini stata haizungushi

Kwa gari la otomatiki, jaribu kuwasha katika N badala ya P, kwa kuwa swichi ya gia huweza kushika uchafu ikikaa. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga klachi hadi chini kabisa. Angalia fyuzi na rilei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme). Mara nyingi rilei jirani ndani ya boksi hilohilo ni ya aina ileile na unaweza kuzibadilishana ili kupima. Kugonga mwili wa stata kidogo kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akishika ufunguo ni ujanja wa zamani ambao bado hufanya kazi pale brashi za kaboni zilipokwama, ila uhakikishe gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Ikikubali kwa namna hiyo, stata inadai matengenezo, na kesho inaweza isikubali.

Iwapo gari limekaa kwa mwaka au zaidi, hofia kutu ndani ya silinda. Zima kila kitu, weka gia huru, kisha jaribu kuizungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli ya chini, katika mwelekeo wake wa kawaida. Isipotii, usilazimishe: toa plagi, tia oili kidogo ya kupenya katika kila silinda, acha hadi kesho yake, na ujaribu tena taratibu.

Inazunguka vizuri lakini haishiki

Anza na lile lisilogharimu kitu. Taa ya kinga ya wizi ikiendelea kupepesa, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa akiba, au badilisha betri ndogo iliyomo ndani yake. Magari ya kitufe mara nyingi hukubali kuwaka ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe.

Kama hukuusikia ule mngurumo wa pampu, kagua fyuzi yake na rilei yake kabla ya kuishutumu, kisha fuata nyaya zake, hasa ikiwa panya walipita. Kama uliusikia, fikiria umri wa mafuta. Petroli huanza kupoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, ndani ya miezi michache, na ile iliyochanganywa na ethanoli hufyonza unyevu pia. Petroli iliyochacha hunuka kama rangi au vanishi na rangi yake hukolea. Tangi likiwa na kidogo tu, kuongeza petroli mpya nyingi huweza kutosha. Likiwa limejaa mafuta ya mwaka mzima, ni afadhali kuyamwaga yote na kubadilisha chujio.

Ukipiga stata mara nyingi mno, injini huweza kulewa mafuta, na utasikia harufu yake kwenye ekzosi. Katika magari mengi ya nozeli, kukanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata huifanya kompyuta ikate mafuta ili silinda zikauke. Ikishindikana, toa plagi: zikiwa zimelowa, mafuta yanafika na tatizo liko kwenye cheche au plagi zenyewe, zikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Kwangu mimi, kuitazama plagi moja kunaeleza zaidi ya kubahatisha kwa nusu siku.

Dizeli ina tabia zake. Subiri taa ya plagi za joto izimike kabla ya kupiga stata. Toa maji yaliyojikusanya chini ya chujio, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye chujio hadi iwe ngumu, kwani hewa ikiingia kwenye mabomba injini haishiki hata tangi likijaa.

Likishawaka

Usikanyage mafuta kwa nguvu. Oili bado inapanda juu. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima injini mara moja. Pima betri injini ikinguruma: volti kati ya 13.8 na 14.5 inaonyesha alteneta (jenereta ya gari) inachaji katika magari mengi. Kabla ya kuingia barabarani jaza upepo matairi, kanyaga breki mara kadhaa, na usogeze gari mbele na nyuma ili kujua kama breki ya mkono imeshika kwa kutu. Kisha endesha kwa muda mrefu, si chini ya nusu saa, kwa kuwa kulingurumisha tu palepale huchaji kidogo sana, na betri iliyokwisha kabisa bado itahitaji chaja.

Betri iliyochajiwa ikaisha tena baada ya siku mbili tatu ni mbovu, au kuna kitu kinachonyonya umeme. Ili kutofautisha, zima gari, fungua waya wa hasi, na uunganishe multimita katika sehemu ya ampea kati ya waya huo na betri, bila kuwasha gari wala kufungua swichi, la sivyo fyuzi ya mita itakatika. Subiri hata zaidi ya nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Mita ikiendelea kusoma juu ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukiitazama. Ile ambayo ikitoka namba inashuka ghafla ndiyo inayolinda saketi yenye kasoro, na utafutaji wako unaanzia hapo.