SOMO: Jinsi ya kuchagua trela ya kubeba gari na karavani kwa pamoja

Wadau habari zenu. Hili swali linarudi kila mara: mtu ana karavani yake (ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari), ana na gari ndogo ya kuzungukia akishafika, hataki kwenda safari mbili wala kutafuta dereva wa pili, anataka apakie vyote juu ya trela moja avute aende. Inawezekana kabisa. Ila wengi wanaanzia pabaya, wanakimbilia kuangalia trela, urefu wake, rampu zake, rangi yake, wakati cha kwanza kuangalia ni gari itakayoivuta. Na kwenye hiyo gari, namba itakayokukwamisha mara nyingi sio ile ya kuvuta inayopigiwa debe kwenye matangazo, ni ile ya kubeba. Hapo nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

HATUA YA 1: Pima mizigo yako kweli kweli

Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye makaratasi. Ule wa karavani kwa kawaida ni wa ikiwa tupu, kabla hujaweka betri ya pili, mtungi wa gesi, kiyoyozi cha juu, turubai la pembeni, vyombo, magodoro na viti. Maji peke yake, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 100 likijaa umeshaongeza kilo 100 bila kujua. Peleka karavani kwenye mizani ikiwa imepangwa kama unavyosafiri nayo, peleka na gari ikiwa na mafuta. Gari za umeme ziangalieni sana, betri zinazifanya ziwe nzito kuliko gari ya mafuta ya ukubwa uleule, ukikadiria kwa macho utajidanganya.

HATUA YA 2: Hesabu ya gari inayovuta

Tuchukue mfano. Gari ndogo kilo 1,400. Karavani ikiwa na vitu vyake 1,500. Trela tupu yenye urefu wa kubeba zote mbili, tuseme 1,700. Jumla 4,600. Pikapu yako imeandikwa inavuta 5,000, unaona bado una kilo 400 za ziada, unaenda kulipa.

Subiri kwanza. Trela ya kufungwa kwenye mpira wa chuma nyuma ya bampa inatakiwa shingo yake (kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari) ikalie pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo. Kwenye mfano wetu ni kilo 460 hadi 690. Huo uzito pikapu haiuvuti, inaubeba, sawa na kama umeupakia kwenye bodi. Sasa fungua mlango wa dereva usome stika iliyoko pale kwenye nguzo, inasema watu na mizigo visizidi kilo 800. Watu wanne wa kilo 75 wameshakula 300. Mabegi na vifaa 80. Chuma cha kufungia trela 25. Umebaki na 395, na shingo inataka angalau 460. Yaani pikapu inayovuta 5,000 imeshindwa na trela ya 4,600, na kwenye tangazo la muuzaji hilo hutalikuta.

Wakifika hapa wengi wanasogeza mzigo nyuma ya trela ili shingo iwe nyepesi. Nawaomba sana msifanye hivyo. Trela yenye mkia mzito ndiyo inayoanza kuyumba kushoto kulia ukishika kasi, na ikianza inaongezeka yenyewe mpaka inageuza na gari inayovuta. Kama hesabu imekataa, punguza watu na mizigo kwenye pikapu, au chukua karavani nyepesi, au tafuta pikapu yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba.

Angalia pia kikomo cha jumla ya msafara mzima, yaani pikapu, watu, trela na mzigo wake vyote pamoja. Kiko kwenye kitabu cha gari.

HATUA YA 3: Ifungwe wapi

Kuna ya kufunga kwenye mpira nyuma ya bampa, na kuna ile yenye shingo ndefu inayopanda ndani ya bodi ya pikapu na kukaa juu au mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kwa mzigo wa gari na karavani pamoja mimi naipendelea ya pili, inatulia zaidi barabarani na kona inakata vizuri. Lakini shingo yake inataka asilimia 15 hadi 25. Kwa kilo zetu 4,600 ni kuanzia 690 mpaka 1,150, kwa hiyo ni ya wenye pikapu nzito kweli, zile za kazi. Na bodi ya pikapu ndo umeshaitoa, huwezi kuweka kifuniko kigumu wala mizigo mirefu.

HATUA YA 4: Kitanda cha trela (pale mzigo unapokaa)

Urefu watu wanaukosea kwa sababu wanasahau shingo ya karavani yenyewe. Karavani yenye bodi ya mita 4.5 ikiwa na shingo ya mita 1.2 inakula mita 5.7. Weka gari ya mita 4.3, acha nafasi ya nusu mita hivi katikati ili mtu apite akifunga mikanda, umefika 10.5. Hapo ni kitanda tu. Ongeza shingo ya trela na urefu wa pikapu uone msafara mzima unafika mita ngapi, halafu ukaulize sheria ya unakopita kabla hujatoa hela, maana kuna vikomo vya trela peke yake na vikomo vya msafara wote.

Upana nao una mtego. Kuna trela ambazo kitanda kimelala kati ya matairi, kiko chini, sentimeta 60 hivi toka ardhini, na gari ndogo inapanda kirahisi. Tatizo ni madigadi. Kati ya digadi na digadi unapata kama mita 2.1, gari inapita, karavani inagoma, ama matairi yake yanagusa digadi au sketi ya bodi (ukingo wake wa chini) inakwaruza. Nyingine kitanda kiko juu ya matairi, upana wote ni wako, lakini umepanda mpaka sentimeta 85 au 90. Karavani ya mita 2.6 inakuwa mita 3.5 toka ardhini, bado sawa. Karavani ya mita 3.2 yenye kiyoyozi juu inavuka mita 4, na nchi nyingi za Ulaya kikomo ni 4 kamili. Matawi ya miti, vituo vya mafuta, madaraja ya chini, vyote vinakuwa shida yako. Na uzito ukipanda juu trela inalala kirahisi kwenye kona na kwenye upepo wa pembeni.

Kwa hiyo chukua futi kamba mwenyewe. Pima nje ya tairi mpaka nje ya tairi ya karavani, pima sketi ilipo toka ardhini, pima mpaka kitu cha juu kabisa kwenye paa. Muuzaji akikwambia "itaingia tu" mwambie mpime wote wawili.

HATUA YA 5: Ekseli, matairi, breki

Kwenye mfano wetu, ukitoa kama 550 za shingo, ekseli zinabaki na kilo 4,050 hivi. Ekseli mbili za kilo 1,588 kila moja (hizi ni za kawaida sana kwenye trela za gari) zinabeba 3,176, hazitoshi. Mbili za 3,175 zinatosha na zinabakiza, hizo ndo ningechukua. Matairi manne yanagawana kama kilo 1,010 kila moja, tena sio sawasawa, kwa hiyo tairi lenye namba ya mzigo 108, ambalo mwisho wake ni kilo 1,000, likatae hata kama ni jipya linang'aa. Tafuta 115 kwenda juu, 115 ni kilo 1,215. Upepo jaza kulingana na kibandiko cha trela, tairi la trela lenye upepo mdogo linachemka na kupasuka.

Breki ziwe kwenye ekseli zote. Zile za umeme zinataka kidhibiti ndani ya pikapu, na kiwe na kitufe cha kubana breki za trela peke yake kwa mkono, hicho kitufe kuna siku kitakuokoa. Ile kebo ndogo inayopiga breki trela ikichomoka ijaribiwe mbele yako, na betri yake iwe na chaji. Cheni za usalama zipishane chini ya shingo, shingo ikichomoka iangukie juu ya cheni badala ya kuchimba lami.

HATUA YA 6: Pakia, pima, funga

Kizito kikae juu ya ekseli na kuzidi mbele kidogo. Usikisie. Nenda mizani, pima pikapu peke yake, halafu funga trela ikiwa na mzigo na upime tena ukiwa umeweka pikapu tu juu ya mizani, tofauti ndio uzito wa shingo. Ukiwa mdogo sogeza gari mbele sentimeta 20 au 30 urudie. Ukipata pale penye namba nzuri piga alama ya rangi kwenye kitanda, usipime upya kila safari.

Karavani iangalie mbele. Madirisha yake na mifuniko ya paa mingi imetengenezwa kwa upepo wa kutoka mbele, ukiigeuza upepo unaingia chini ya kifuniko na kukinyofoa. Zima gesi kwenye mtungi, mwaga maji. Mikanda na cheni vishike chesisi au matairi, kamwe sio bodi, na vile vijiguu vya kona vya karavani, vya kuisimamisha ikiwa imeegeshwa, sio vya kubebea uzito njiani. Kwenye mkanda soma namba ya kufanyia kazi, sio ya kukatikia, kwa kawaida ni kama theluthi yake. Ukitembea kilomita 80 hivi simama ukaze tena, na nati za matairi kama trela ni mpya.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi kwa nini nisifunge karavani nyuma ya pikapu halafu trela ya gari nyuma ya karavani? Naona ni rahisi zaidi.

Jibu: Kwanza sheria kaka, Marekani kuna majimbo yanaruhusu na mengine yanakataza, na sehemu nyingi duniani gari ndogo haziruhusiwi kuvuta mbili mfululizo. Pili chesisi ya karavani nyingi haikutengenezwa kuvuta kitu nyuma yake. Na kurudi nyuma na msafara wa hivyo karibu haiwezekani, ukikosea njia umekwama hapo hapo mpaka ufungue. Siishauri.

Swali: Nimesikia kuna zile fito za chuma za kugawa uzito, zinafungwa kati ya pikapu na trela. Nikifunga hizo si uwezo wa kubeba unaongezeka?

Jibu: Hapana. Zinahamisha sehemu ya uzito kwenda ekseli ya mbele ya pikapu na kidogo kwenda ekseli za trela, gari inakaa sawa na usukani unapata uzito wake, ni kitu kizuri sana na nakushauri uziweke. Ila kikomo kwenye stika ya mlangoni kinabaki palepale.

Swali: Rampu au kitanda kinachoinama chote? Gari yangu iko chini sana.

Jibu: Kwa gari ya chini kitanda cha kuinama, bampa haikwaruzi na hubebi rampu nzito. Lakini kwa urefu wa mita 10 kitanda chote kuinama ni shida, tafuta ambacho mbele kimetulia na sehemu ya nyuma ndo inainama. Karavani itangulie kwa winchi, gari ifuate.

Swali: Ikianza kuyumba nikiwa kwenye mwendo nafanyaje? Mwaka jana ilinitokea na trela ya kawaida, nilikanyaga breki ikazidi.

Jibu: Pole sana. Toa mguu kwenye mafuta, usukani ushike umenyooka bila kupambana nao, halafu bana kile kitufe cha breki za trela peke yake taratibu, trela inajivuta nyuma na kunyooka. Usikanyage breki ya mguu kwa nguvu na usiongeze mafuta kujaribu kuinyoosha. Ikitulia usiendelee na safari, simama pembeni uangalie mzigo umekaaje na upepo wa matairi, kuna sababu pale.

Swali: Dada hapa, mimi na mzee wangu tumeona trela iliyotumika, bei inavutia. Tuangalie nini kabla ya kulipa?

Jibu: Dada, anzeni chini. Lalani muangalie maungio ya kuchomelea pale shingo inapokutana na fremu, kutu inayotoka kwenye mstari kama ufa ni dalili mbaya, na rangi mpya sehemu moja tu muiulizie. Inueni kwa jeki kila tairi, mlishike juu na chini mlitikise, likicheza ni beringi. Zungusheni, msikilize. Someni tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi, mbili ni wiki na mbili ni mwaka, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, tairi la hivyo hata kama kashata zake nzima hesabuni kubadilisha. Kibati chenye uzito wa mwisho wa trela kikiwa kimeng'olewa msinunue, hamtakuwa na namba ya kuanzia hesabu.

Swali: Je zile karavani zenye gereji nyuma, unaingiza gari ndani kabisa? Si zinamaliza yote haya?

Jibu: Kwa pikipiki, baiskeli na vigari vidogo vya porini ziko vizuri sana. Kwa gari ya kawaida ya kilo 1,400 nyingi hazifai, sakafu ya gereji ina kikomo chake na kiko kwenye kitabu, halafu uzito wote unakuwa nyuma ya ekseli, tumerudi kwenye mkia mzito. Ukiona ambayo muuzaji anasema inabeba gari, omba namba ya sakafu kwa maandishi, na uliza shingo inabaki na kilo ngapi gari ikiwa ndani.