Jina la mbele halitoshi: namna ya kujua una toleo gani la oskiloskopu au mita ya zamani

Ingia duka lolote la spea hapa Arusha useme unataka pistoni za Land Cruiser. Muuzaji hasogelei rafu mpaka umjibu kwanza: injini ni 1HZ au 1HD? Vifaa vya kupimia vya zamani ni hivyo hivyo, ila huku wengi hawaulizi. Kijana ananunua kifaa cha kampuni ya Tektronix au Hewlett-Packard (HP) kwenye mnada wa taasisi, anasoma jina lililoandikwa mbele, anashusha mwongozo wa kwanza anaoukuta mtandaoni, anaanza kufungua. Mchoro unasema transista iko hapa, yeye anaona kapasita.

Mimi natengeneza redio kol za magari ya watalii, na kazi hiyo haiendi bila oskiloskopu (inayochora umbo la mawimbi ya umeme kwenye kioo), mita ya kuaminika na jenereta ya mawimbi. Vya kiwango hicho vikiwa vipya bei yake haishikiki, kwa hiyo tunaishi na vya miaka ya 1970 hadi 1990, ambavyo bado ni vizuri mno. Navipenda, na inaniuma kuona kimoja kimeuawa na fundi aliyefuata mchoro usio wake.

Soma jina lote, mpaka herufi ya mwisho

Herufi moja mwishoni inabadilisha mengi. Oskiloskopu ya Tektronix 475 ni ya 200 MHz, yaani inapima mawimbi hadi masafa hayo; 475A ni ya 250 MHz. 465 na 465B zote ni za 100 MHz na sura zinafanana, lakini B ilichorwa upya ndani, usitegemee kuhamisha bodi kutoka moja kwenda nyingine. 465M, ya jeshi la Marekani, ni ukoo mwingine kabisa ingawa tarakimu ni zile zile. Kwenye familia ya 2465, ya kwanza ni 300 MHz, 2465A ni 350 na 2465B ni 400, na hata namna ya kutunza kumbukumbu ndani si moja. Nitarudi huko, maana ndiko vifaa hivi vinakofia.

Upande wa jenereta, HP 8640A masafa yake unayasoma kwenye mizani ya kuzungusha (dial), wakati 8640B ina kihesabio ndani kinachoyaonyesha kwa tarakimu na kuweza kuyafunga yasihame. Kwa kazi ya redio chukua B. Kisha tafuta namba za nyongeza (Option) zilizowekwa kiwandani, kwa kawaida nyuma karibu na namba ya seriali. Nyongeza 002 inapandisha masafa kutoka 512 MHz hadi 1024 MHz, ambayo kwa redio za VHF za magari si ya lazima. Nyongeza 003 ndiyo ninayoitafuta mimi: inaikinga jenereta na nguvu inayorudi. Redio ikiwa imefungwa kwenye jenereta, mtu akabonyeza kitufe cha kuongea, wati zote za redio zinaingia kwenye kipunguza mawimbi na kukiunguza. Kwenye karakana yenye wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hilo litatokea tu. Ukiikosa 003, weka kipunguza mawimbi cha nje chenye kuhimili nguvu ya redio yako.

Namba ya seriali inasema nini

Tektronix za wakati huo zilizotoka Beaverton, Oregon, zinaanza na B, mfano B010100. Za kiwanda cha Uholanzi zinaanza na 7, za Guernsey na 1. Namba hiyo ina kazi moja kubwa: fungua orodha ya vipuri kwenye mwongozo, utaona safu mbili za namba za seriali pembeni ya kila kipuri, moja ya kuanzia na nyingine ya kukomea. Kipuri kisicho na namba kinahusu mashine zote. Chenye namba kinahusu kundi lile tu. Kwa hiyo kapasita moja inaweza kuandikwa mara mbili kwa thamani mbili, na zote ni sahihi. Seriali yako ndiyo inayochagua.

HP walifanya kwa namna yao. Seriali ina tarakimu nne, herufi, kisha tarakimu tano. Tuseme inaanza 2545A. Mbili za mwanzo jumlisha na 60 upate mwaka, yaani 1985. Mbili zinazofuata ni wiki, ya 45. Herufi ni nchi: A Marekani, G Ujerumani, J Japani, U Uingereza. Hapa wengi wanateleza, kwa sababu hiyo si tarehe mashine ilipotengenezwa. Ni tarehe ya badiliko la mwisho la maana kwenye muundo. Mita ya 34401A ilianza na 3146A, wiki ya 46 ya 1991, na kiambishi hicho (zile tarakimu nne na herufi) kiliendelea miaka kadhaa huku mashine zikitoka kiwandani. Ukitaka tarehe halisi soma tarakimu nne kwenye chipu za ndani: 9427 ni wiki ya 27 ya 1994, na mashine haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko chipu zake asilia.

Ukurasa wa mwanzo wa mwongozo wa HP unataja viambishi unavyohusika navyo. Kama chako ni cha zamani zaidi, nyuma kuna sehemu ya kurudisha mabadiliko nyuma, hatua kwa hatua. Kama ni kipya zaidi, kuna karatasi za mabadiliko zilizotolewa baadaye. Zisome kabla ya kushika bisibisi.

Kabla ya kuchomeka kwenye umeme

Angalia nyuma mashine imewekwa volti ngapi. Iliyotoka Marekani mara nyingi imewekwa kwa 115 au 120, na ya TANESCO ni 230. Ukigeuza swichi ya volti badilisha na fyuzi: volti zikiongezeka mara mbili, fyuzi inashuka kwa takriban nusu. Na kwenye mlango wa umeme tafuta kapasita za karatasi za RIFA, zile za rangi ya njano yenye kung'aa kama asali. Zikishapata nyufa zinanyonya unyevu, na masika ya hapa hayana huruma. Nikiikuta ya aina hiyo ina nyufa naitoa, hata kama mashine inawaka vizuri.

Ukishafungua

Chomoa waya wa umeme na uipe muda. Oskiloskopu zenye kioo cha CRT zina maelfu ya volti ndani na zinabaki na chaji hata zikizimwa.

Sasa soma bodi zenyewe, maana mashine za mnada nyingi zimeshawahi kuunganishwa kutoka mbili, na seriali ya nyuma inaweza kuwa ya kava tu. Bodi za Tektronix zina namba ya mtindo wa 670-xxxx-xx, na tarakimu mbili za mwisho ndizo toleo. HP huanza na modeli: 03478-66501 ni bodi ya mita ya 3478A. Piga picha kila namba kwa simu kabla hujagusa kitu.

Programu ya ndani nayo ina matoleo. Kwenye mashine za miaka ya 1980 iko kwenye EPROM, zile chipu zenye dirisha la kioo lililofunikwa kwa kibandiko. Kibandiko usikibandue: kinazuia mwanga wa urujuanimno unaofuta chipu, tena ndicho chenye namba ya toleo. Kwa Tektronix namba hizo huanza na 160, na mwisho wake ndio toleo. Kama mashine ina EPROM mbili au tatu, ni seti. Ukichukua moja kutoka mashine nyingine yenye toleo tofauti, jaribio la kuwaka litakataa au, vibaya zaidi, litapita kisha mashine ifanye vituko. Zisome zote kwa kifaa cha kusoma na kuandika chipu kama TL866 na uhifadhi faili, hata kama hazina tatizo. Chaji iliyomo humo ina zaidi ya miaka thelathini.

Mita ya 34401A hata kuifungua si lazima. Ingia menyu ya mfumo mpaka REVISION, au itumie amri ya *IDN? kutoka kompyuta. Itajibu kwa namba tatu zenye vistari, toleo moja kwa kila prosesa yake. Ziandike, kwa sababu baadhi ya tabia za amri zinategemea hizo.

Betri inayoshika kalibresheni

Hapa, mdogo wangu, tulia kabisa. Swali la muhimu kuliko yote ni hili: namba za kalibresheni za mashine yako, zile zinazosahihisha vipimo vyake, zinakaa wapi? 34401A inazitunza kwenye EEPROM, chipu isiyosahau hata bila umeme, na mita ya Fluke 8840A vilevile. Hizo haziogopi betri kufa. HP 3478A ni kinyume: zimo kwenye RAM inayolishwa na betri ya lithiamu ya volti 3 iliyochomelewa kwenye bodi. Betri ikifa, ukiwasha mita inakuandikia UNCALIBRATED. Kuzirudisha kunahitaji vyanzo vya rejea vya volti na ohmu ambavyo karakana ya kawaida Arusha haina, na maabara ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, iko Dar es Salaam.

Kwanza pima betri kwa mita nyingine bila kuitoa. Nikiona inashuka kuelekea 2.8 sisubiri. Kisha nakili kumbukumbu: 3478A inaruhusu kusomwa kalibresheni yake kupitia HP-IB, mlango wake wa mawasiliano, na adapta ya kuunganisha na kompyuta inajengwa kwa Arduino ndogo. Skrubu ya CAL ENABLE iliyo mbele usiiguse.

Faili ikishakuwa salama, zima mita na chomoa waya. Chukua betri mbili za AA kwenye kishikio chake, jumla volti 3, na rezista ya kilo-ohmu 1 kwenye waya wa chanya. Hesabu yake ni rahisi: RAM inakula mkondo mdogo mno, rezista haitaisumbua, lakini itazuia betri mbili kusukumana. Unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye miguu ya betri ya zamani. Chuma cha kuchomelea kipashe moto, kichomoe ukutani, ndipo uguse bodi. Kikipoa rudia. Uvujaji wa umeme kutoka chuma kisicho na ethi unatosha kuvuruga kumbukumbu hiyo. Toa betri ya zamani, weka mpya, hakikisha upande wa chanya, pima, halafu ndipo uondoe AA. Betri mpya naiweka kwenye kishikio chenye waya ili atakayeibadilisha baadaye asihitaji kuchomelea.

Sasa 2465. Ile ya kwanza, isiyo na herufi, inatumia EAROM, chipu nyingine isiyosahau bila umeme, haina betri ya kuhofia. 2465B za mwanzo zina betri ya lithiamu kwenye bodi ya A5, na unaifanyia kama nilivyoeleza. Kuanzia seriali B050000 bodi ya A5 ilibadilishwa: chipu ya kumbukumbu ni Dallas DS1225 yenye betri ndani yake, na kuna kapasita ndogo za kubandika juu ya bodi. Dallas iliahidiwa kushika data miaka 10 bila umeme. Mashine hizi sasa zimepita umri huo mara tatu.

Kapasita zile huvuja taratibu. Inamisha bodi chini ya taa: risasi ya kuchomelea inayong'aa ni salama, lakini ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu kuzunguka mguu wa kapasita, maji yake yameshatoka. Ukiipasha moto hutoa harufu ya samaki. Toa zote, safisha kwa spiriti safi, fuata kila njia ya shaba kwa mita maana maji hayo yanaila, kisha weka mpya.

Kabla ya kugusa Dallas, washa mashine, ingia menyu ya uchunguzi kwa vitufe ambavyo mwongozo wake unavitaja, nenda EXER 02 na upige picha namba za kalibresheni ukurasa kwa ukurasa. Menyu hiyo hiyo ina taratibu za CAL. Pita mbali nazo. Kisha itoe chipu, isome kwenye TL866, iandike kwenye mpya iliyo kwenye soketi. Kagua tarehe ya mpya kabla ya kulipa, maana zipo zilizofutwa na kupigwa chapa upya huku betri ya ndani imekwisha. Iandike, iache mezani bila umeme usiku kucha, isome tena asubuhi.

Ukirudisha, linganisha EXER 02 na picha zako. Faili ipe jina lenye namba ya seriali ya mashine, kwa sababu namba hizo zilipatikana kwa skopu ile moja tu. Ukizipakia kwenye 2465B ya jirani itawaka bila kulalamika, na vipimo vyake vitakuwa vya uongo.