Jinsi ya kulipa neno maana mpya mpaka watu wacheke

Hebu rudia kusoma kichwa hapo juu. Kulipa. Najua kuna mtu kawaza hela kwanza, alafu kafika kwenye "neno" akashtuka, aaah kumbe ni neno ndo linapewa! Hapo aliporudi nyuma ndo kicheko kinapozaliwa, na ukishapaelewa hapo unaweza kutunga maana za uongo za maneno kibao na watu wakacheka kweli.

Kichwani inakuwa hivi: ukisikia neno lenye maana mbili, zote mbili zinaamka kwa muda mfupi sana hata kama sentensi inataka moja tu (mtafiti wa saikolojia ya lugha, David Swinney, alilionyesha hilo kwa majaribio mwaka 1979), alafu baada ya silabi chache ile isiyotakiwa inalala. Mtani kazi yake ni kwenda kuiamsha ile iliyolala wakati we ushatulia na mwenzake.

Sasa kutunga. Anza kwa kulikatakata neno, na hapa Kiswahili kimetubariki sana sababu maneno yetu yamejaa viambishi, masikio yetu yamezoea kukata hata pasipokatika. Ndo maana amri ya Kiingereza ya kumwambia dereva apite kushoto ikaingia kwetu ikawa kipilefti, watu wakasikia ki- mwanzoni, wakaweka wingi vipilefti. Hata kitabu kilikuja hivyo hivyo toka Kiarabu, ile ki ni ya shina lao lakini sisi tukasema vitabu na maisha yakaendelea. Kwa hiyo msomaji wako tayari ana mkasi mkononi, we muonyeshe tu pa kukata.

Chukua ukuta. Ndani yake kuna kukuta. Jaribio la kwanza: "Ukuta: kitu cha kukuta." Haichekeshi, sababu kila kitu kinakutwa, hata funguo. Inabidi maana ya uongo iguse ukweli wa kitu chenyewe, kwa hiyo jiulize ukuta unaukuta wapi na lini? Gizani, unatafuta swichi. Haya: "Ukuta: kitu unachokikuta kwa paji la uso ukitafuta swichi gizani." Inakaribia, ila paji la uso limetokea mapema mno, ndo bomu lenyewe hilo, lipeleke mwisho kabisa: "Ukuta: kitu ambacho ukitafuta swichi gizani unakikuta kwa paji la uso." Umeona? Maneno ni karibu yale yale, mpangilio tu, na kwangu mpangilio ni nusu ya kazi.

Njia nyingine ni kugombanisha kiambishi na kitu. Kitambi: tambi moja ndogo sana. Ki- inasema kidogo, tumbo linasema vingine, na hapo katikati mtu anacheka kabla hajajua kwa nini.

Kinachoua utani ni maana isiyo na mzizi. Ukisema "meza ni ndege mwenye masikio" hakuna kitu pale, sababu hakuna kilicholala ndani ya neno cha kuamshwa, ila meza ya kumeza ipo, anzia hapo. Na usitunge kwa kumlenga mtu aliye mbele yako, neno ndo lichekwe.

Andika kama kamusi kabisa, kavu, hamna emoji za kucheka, hamna hahaha. "Usingizi: tabia ya kusingizia kazi kwamba ndiyo iliyokuchosha." Sauti ya kamusi inamfanya msomaji aamini sekunde moja, na hiyo sekunde unaihitaji sana.

Alafu usielezee. Sema "Mkopo: mtu ambaye ukimfungua, ndani hamna kitu", nyamaza, muache mwenzio alitafute kopo mwenyewe.